Bolti Saba na Jicho Moja

Fundi aliyefungua pampu ya maji ya pikapu yangu alikuwa na jicho moja. Nililihesabu mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, na mara zote mbili nikapata lile lile moja, la kulia. La kushoto lilikuwa limefungwa kama duka la mtu aliyehama. Nilichofikiria asubuhi ile, na sijivunii, ni kwamba mtu wa jicho moja atafanya kazi polepole, na mimi nilikuwa na haraka.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya serikali za kaunti. Mji wa Isiolo ulijaa watu wenye faili kwapani, kila mmoja akitafuta ofisi ambayo yenyewe bado ilikuwa ikitafuta meza. Watu hao walikula, na waliokuwa wakiwalisha pia walikula, kwa hiyo mimi niliyeteremka kutoka upande wa Meru na kabichi na viazi sikuwa na la kulalamikia. Mara mbili kwa wiki nilipakia pikapu nikaenda Kulamawe, kwenye maduka madogo na shule. Pikapu yenyewe ilikuwa na umri ambao, kama ingekuwa mtu, ningeianza kwa shikamoo.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kiu. Kila safari ilidai maji njiani, na mimi niliipa kutoka kisima kimoja cha pampu kilichokuwa karibu na barabara. Maji yake yalikuwa ya chumvi. Ngamia waliyapenda, lakini ukiyapikia chai maziwa yanakatika kabla hayajachemka. Nilijua hivyo. Kila mtu wa barabara ile alijua. Lakini injini si chai, nikajiambia, nikajaza rejeta, nikaendelea. Nilijiambia hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Chumvi haina haraka. Ilikula kidogo kidogo huko ndani, mpaka siku moja, nikirudi mjini, pampu ya maji ikaachia yote barabarani na injini ikapiga mvuke kama sufuria ya githeri. Lori la mbuzi likanivuta mpaka kwenye kiwanja nyuma ya mahali malori ya Merti yanapopakilia. Hapo ndipo alipokuwa fundi, mzee wa Kiborana, mwembamba, kilemba cheupe kichwani ambacho sikuelewa kilibakije cheupe kwenye kazi ile.

“Habari ya asubuhi, fundi.”

“Salaam aleikum,” alijibu, kama mtu anayesahihisha daftari. Kisha akafungua boneti, akainamisha upande wenye jicho, akatazama kwa muda mrefu. Akalamba kidole, akagusa ule ukoko mweupe uliozunguka pampu, akaonja.

“Umenywesha hii gari maji ya ngamia.”

“Ilikuwa na kiu, mzee.”

“Hata mtoto ana kiu. Utampa bahari?” Akatema mate pembeni. “Pampu mpya iko, ninayo. Kutoa hii ya zamani ndio kazi. Siku tatu.”

“Fundi, ni bolti tu.”

“Ndiyo. Ni bolti. Siku tatu.”

“Tufanye leo jioni.”

“Siku tatu.”

“Basi tugawane. Siku moja na nusu.”

Akainama tena, akatazama injini, akanyooka.

“Nne.”

Nimepiga bei tangu nikiwa na meno ya utoto. Nimewahi kununua jogoo kutoka kwa mtu aliyeapa kwamba hauzi jogoo. Lakini sijawahi kukutana na kitu kinachopanda ukikishusha. Nilikamata tatu haraka kabla hazijawa tano.

Ili nisionekane mtu wa kushindwa kabisa, nikaanza kuzihesabu bolti za ile pampu. Nikapata sita. Nikarudia, safari hii nikipitisha mkono nyuma ya mpira wa rejeta, na ncha ya kidole ikakutana na kichwa kingine cha bolti, kimejificha chini ya mdomo wa bomba, kimejaa kutu kama kigaga.

“Saba,” nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama mara ya kwanza kama mtu, si kama mzigo ulioshushwa na lori.

“Hiyo wengi hawaoni. Wanatoa sita, halafu wanavuta pampu kwa nguvu, na injini inapasuka mdomo. Umeona vizuri.” Kisha akaongeza, “Lakini toa kidole. Kwetu mali haihesabiwi na kidole. Inaisha.”

Nikarudisha kidole mfukoni. Nikahesabu kwa macho. Bado zilikuwa saba.

Kibanda cha chai kilikuwa kimeegemea mabati ya gereji, na mwenyewe alikuwa mama wa Kiturkana mwenye sauti ya kuita watu ng’ambo ya mto. Nilipoketi akanisukumia kikombe kabla sijaagiza.

“Wewe ndio ile mtu ya leo jioni?”

“Umesikia?”

“Mabati haina masikio lakini iko na matundu.” Akapuliza moto. “Mwenye alitoa ile jicho pia alisema leo jioni.”

Akanisimulia akikanda mandazi, bila kuinua kichwa. Dereva mmoja wa lori la mbuzi, miaka mingi iliyopita, alikuwa na bolti iliyokwama kwenye springi. Fundi alitaka bolti ilale usiku mmoja ndani ya mafuta. Dereva alitaka kuondoka. Alisimama juu ya fundi akisema piga, piga, mpaka mwenyewe akachukua nyundo akaipiga spana wakati fundi ameishika na uso wake uko pale pale. Kipande cha chuma kama punje ya mchele kikaruka.

“Fundi alienda hospitali,” alisema mama. “Dereva alienda Nairobi.”

“Na mbuzi?”

“Mbuzi walifika. Wote.”

Nikanywa chai. Ilikuwa tamu mno, au mimi ndiye niliyekuwa nimebadilika mdomo.

“Na hii jicho ingine ikienda?”

“Ikienda atakuja kuuza chai na mimi.” Akapima kibanda chake kwa macho, upana wa hatua mbili. “Na hapa hapatoshi watu wawili.”

Basi tangu kikombe kile nilijua kilichowekwa mezani. Nilidhani nimeleta pikapu. Kumbe nilikuwa nimeleta bolti saba zenye kutu, na kila moja ilitaka uso wa mzee yule uwe karibu nayo, na uso ule ulikuwa umebakiwa na jicho moja. Kwenye biashara yangu, kitu kikibaki kimoja hakiuzwi. Kinakaa kwenye rafu kuonyesha kwamba viko. Yeye alikitumia kila siku.

Siku ya kwanza hakushika spana hata mara moja. Niliketi kwenye debe lililopinduliwa, nikamtazama, nikidhani nitamkamata akipoteza muda. Aliacha injini ipoe mpaka akaweza kuweka shavu juu yake. Akaweka mawe mawili nyuma ya kila gurudumu la nyuma na mawili mbele, ingawa kiwanja kile kilikuwa tambarare kama sinia. Akatoa waya wa betri. Akachukua brashi ya waya na kuanza kusugua vichwa vya bolti, polepole, akitazama pembeni wakati wa kusugua na kurudisha uso baada ya vumbi kutua. Kila mara hivyo. Sugua, geuka, ngoja, rudi. Kuku anakunywa maji hivyo hivyo. Sikuwahi kufikiria kwamba kuku ana adabu ya kazi.

Halafu akaleta kikopo cha mafuta aliyochanganya mwenyewe. Sikuweza kujua yana nini. Yalinuka dizeli na kitu kingine kikali. Alikuwa na unyoya wa mbuni. Akachovya, akagusa shingo ya bolti ya kwanza, tone moja. Ya pili, tone. Ya tatu. Alipofika ya saba akapitisha mkono nyuma ya bomba bila kuangalia. Kisha akakaa chini.

“Ndio hivyo tu?” niliuliza.

“Adhuhuri tutawanywesha tena.”

Aliziita hivyo, kama zina roho. Akanieleza kwamba ujana wake ulipita kwenye visima virefu vya kwao, vile ambavyo wanaume wanasimama ngazi kwa ngazi kutoka chini mpaka juu, wakirushiana ndoo na kuimba. Kisima kina mtu wake wa zamu, aba herega, baba wa mpangilio, na yeye ndiye anayesema leo wanakunywa ng’ombe wa nani, na kesho wa nani. Hata uwe tajiri namna gani, zamu ikiwa si yako, unangoja na ng’ombe wako wanalia.

“Ng’ombe aliyekauka ukimwachia maji yote mara moja anakufa hapo hapo,” alisema. “Unampa kidogo, unamtoa, anasimama, maji yanatafuta njia. Halafu tena. Bolti ni hivyo. Mafuta ukimwaga yanaanguka chini. Ukiweka tone na ungoje, yanaingia yenyewe.”

“Na nani ndio aba herega hapa?”

“Si wewe.”

Mchana akazinywesha, zote saba kwa utaratibu ule ule. Jioni tena. Baada ya kila tone aligonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo ya shaba, kwa wepesi, kama mtu anayebisha mlango wa wakwe. Nilimuuliza mbona si nyundo ya kawaida. Akasema chuma kikigonga chuma kigumu kinatema, shaba haitemi. Alisema hivyo akiangalia nyundo, si mimi.

Kabichi za safari iliyofuata zilikuwa kwenye chumba nilichopanga mjini, kwenye kivuli cha gunia lililoloweshwa, zikipoteza majani ya nje. Usiku nilikwenda kuzikagua nikarudi kulala. Nilikuwa na hasira nazo, maana zilikuwa upande wa yule dereva wa mbuzi.

Siku ya pili, baada ya kunywesha kwa asubuhi, akagonga bolti ya kwanza, akainamisha sikio badala ya jicho, akagonga tena.

“Umesikia?”

Nilisikia mtu akigonga bolti.

“Jana ilisema ti. Leo inasema tu. Ndani imeachana.”

Akaipachika spana ile ya duara inayokumbatia kichwa pande zote, si ile ya mdomo wazi. Akasimama upande, si mbele, mguu mmoja nyuma. Na hapo akafanya jambo lililonifanya niruke kutoka kwenye debe: akakaza.

“Fundi! Unakaza!”

“Kidogo.”

“Tumekuja kufungua!”

“Bosi, umewahi kukwama mlangoni na watu wengi? Ukisukuma mbele unabaki. Unarudi nyuma kidogo, halafu unapita.”

Akakaza kiasi cha upana wa uzi. Kisha akaivuta spana kuelekea kwake, akivuta, hasukumi, na vidole vyake vikiwa wazi ili ikiponyoka asivunje mkono. Bolti ikatoa sauti fupi, kavu, kama kijiti cha kuni, na ikaja. Hakuendelea. Akairudisha ndani nusu ya alichotoa. Akaipa tone. Akaitoa tena, mbele kidogo zaidi. Akairudisha. Ilikuwa kama kumwangalia mama akimfundisha mtoto kutembea. Kila hatua mbili mbele anamruhusu aanguke moja. Ilichukua karibu saa nzima bolti moja kutoka, na ilipotoka ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu kutoka shingoni mpaka miguuni, ila ilikuwa nzima, meno yake yote mdomoni.

Niliyahesabu yale meno. Sikuambiwa nitoe kidole.

Mpaka machweo ya siku ya pili zilikuwa zimetoka nne. Asubuhi ya tatu zikatoka mbili. Nimeona watu wenye nguvu maishani. Nimeona mpakuaji mizigo sokoni akibeba magunia mawili ya viazi huku akitukana. Hii haikuwa nguvu. Mzee yule angeshindwa na mimi kwenye kubeba kabichi. Lakini chuma kilichoungana na chuma kwa chumvi ya mwaka mzima kilikuwa kikimsikiliza, na kila kilipolegea niliingiwa na ile heshima inayokufanya ushushe sauti bila mtu kukuambia. Hata mama wa chai alikuwa ameacha kunitania. Aliniletea mandazi akarudi akinyata.

Ikabaki ya saba.

Ya saba ilikunywa kama wenzake, ikagongwa kama wenzake, na bado ilisema ti. Adhuhuri ti. Baada ya adhuhuri ti. Fundi akaipa tone jingine, akafuta mikono, akasema, “Hii itanywa mpaka kesho. Hii ndio ya mwisho kupata maji, zamu yake haijafika.” Adhana ya alasiri ikaita, akachukua birika lake akaenda msikitini.

Sasa nieleze nilichofanya, na sitajipunguzia.

Nilibaki na pikapu, na mama wa chai, na spana. Siku tatu zilikuwa ndiyo bei tuliyokubaliana, na kesho ingekuwa ya nne. Kwa hesabu yangu fundi alikuwa akivunja mapatano. Bolti sita nilikuwa nimeziona zikitoka. Nilijiona nimehitimu. Pembeni kulikuwa na kipande cha bomba la maji, na kila mtu wa barabara anajua ukivisha spana bomba unakuwa na mkono wa watu watatu.

“Wewe,” mama wa chai alisema. “Wewe mtu ya leo jioni.”

“Nataka tu kuiangalia.”

“Angalia na macho.”

Nikavisha bomba. Nikavuta. Bolti ikakataa. Nikavuta tena kwa mwili wote, na ikakubali. Ilikuja laini, bila ile sauti ya kijiti, robo ya mzunguko nzima, na nilifurahi kiasi kwamba nilimgeukia mama nikamwonyesha meno. Nikavuta kidogo tena. Ilikuwa laini zaidi, kama unga wa mandazi mkononi. Ndipo furaha ikanitoka, maana bolti inayofunguka haiwi laini hivyo. Sita zilizotangulia zililia zote. Hii ilikuwa imenyamaza.

Fundi alirudi na maji bado kwenye ndevu.  Akapitisha mkono nyuma ya bomba, akaweka ukucha wa gumba kwenye shingo ya bolti, akatulia. Mama wa chai akapata kazi ya haraka ndani ya sufuria yake.

“Nani amegusa?”

“Imeanza kutoka yenyewe,” nikasema. Nimeuza viazi vya juzi kama vya leo, nikaona hili ni dogo.

“Bolti haitembei yenyewe. Hata mbuzi anatembezwa.” Akatoa mkono. “Hujaifungua. Umeisokota kama kamba. Kichwa kimezunguka, miguu imebaki. Shingo sasa ni nyembamba. Ikingoja mpaka kesho haitasaidia, maana haina nguvu ya kungoja. Na ikikatika wakati wowote, kichwa kinaruka.”

Hakusema kinarukia wapi. Nafasi ile kati ya feni na injini ilikuwa ya mkono mmoja na uso mmoja, basi.

“Niifungue mimi, mzee,” nilisema, na safari hii sikuwa nikipiga bei. “Mimi niko na mawili.”

“Uko na mawili, na yote hayajui kusikia.”

“Basi tuache. Nitaivuta gari mpaka Meru, wana mashine.”

“Ikitingishwa njiani itakatika, na hapo mashine itakula injini.” Akanitazama. Lile jicho lilikuwa la rangi ya asali, na nyeupe yake ilikuwa na mishipa kama ramani ya barabara. Nikatamani anitukane. Hakunitukana. “Kaa nyuma ya ile lori ya Merti. Usiseme neno.”

Alimwambia mama awashe jiko mbali, upande wa barabara, si ndani ya kiwanja. Wakati makaa yakishika, akafuta mafuta yote kuzunguka bolti kwa kitambaa kikavu, kisha kingine, kisha cha tatu, akavipeleka vyote mbali. Akasogeza kikopo cha mafuta na mtungi wangu wa petroli mpaka nje ya mabati. Akaweka ndoo ya mchanga karibu na mguu wake. Kipande cha nondo kikawekwa kwenye makaa mpaka ncha ikawa nyekundu kama jua la jioni.

Halafu akavua kile kilemba cheupe.

Nilidhani anaogopa kukichafua. Akakikunja mara nne, akakiweka usoni juu ya lile jicho moja, akafunga fundo kisogoni.

“Mzee!” Nilisahau kwamba sitakiwi kusema. “Si kuna miwani ya plastiki? Ile inaning’inia kwa msumari?”

“Mchanga umeikwaruza. Nikiivaa sioni. Nikifunga hii pia sioni.” Akatabasamu, mara ya kwanza katika siku tatu. “Lakini hii haianguki.”

“Utafanyaje bila kuona?”

“Hiyo bolti nimewahi kuiona lini? Imejificha nyuma tangu siku ya kwanza.”

Alikuwa sahihi. Hakuna mtu aliyewahi kuiona ile bolti. Mimi nilikuwa nimeigusa kwa kidole tu.

Mama akamletea nondo kwa koleo, akamwongoza mkono mpaka kwenye mdomo wa injini, akajitoa. Kuanzia pale alikuwa peke yake gizani, saa kumi na moja ya jioni, jua bado likiwaka. Akaweka ncha ya moto juu ya kichwa cha bolti. Si moto wa kuunguza. Aliigusa, akahesabu pumzi, akaitoa, akaigusa. Nikaona midomo yake ikienda. Kisha akachukua mshumaa wa kawaida, wa dukani, akausogeza kwenye shingo ya bolti iliyopata moto.

Nta haikudondoka. Nilikuwa nimechungulia kutoka nyuma ya lori, na kwa pale niliona mdomo wa mshumaa tu, lakini niliuona ukifupika. Kila nta ilipoyeyuka ilivutwa ndani, pale ambapo mafuta ya siku tatu yalishindwa kufika. Hakuna tone lililoanguka chini. Chuma kilikuwa kikinywa. Nimeishi na mishumaa tangu kuzaliwa, nimeiuza kwa pakiti na kwa mmoja mmoja, na sikuwahi kujua kwamba inaweza kufanya vile. 

Akaweka spana. Akaikaza kiasi cha unywele. Akaifungua kiasi cha unywele. Uso wake ulikuwa umegeukia pembeni kabisa, sikio ndilo lililokuwa karibu na injini. Akakaza. Akafungua. Kwa muda mrefu sikuona kitu kikisogea isipokuwa mishipa ya mkono wake. Malori ya Merti yaliwasha injini na kuzima. Mama akaenda akawaambia madereva kitu, nao wakashuka wakaja kusimama kimya kando yangu, watu wazima wanne, mmoja na mswaki mdomoni. 

Nilikuwa nikitazama fundo kisogoni mwake. Niliomba kwa dini yangu, halafu, kwa kuwa kazi ilikuwa ya mtu wa dini nyingine, nikaongeza na yake kiasi nilichokuwa nakijua.

Bolti ikalia.

Ilikuwa sauti ndogo, kavu, ya kijiti. Fundi akasimama papo hapo, hakuifuata. Akairudisha. Mshumaa tena. Kukaza, kufungua. Ikalia tena, ndefu kidogo. Sasa mkono wake ulikuwa ukienda na kurudi kama mtu anayembembeleza mtoto, na kila kwenda kulizidi kurudi kwa upana wa punje, na mara spana ikawekwa chini na vidole peke yake vikaanza kuizungusha, vidole viwili, polepole, bila haraka hata pale ambapo mimi ningeinyakua na kupiga mbio.

Ikatoka. Pampu ikalegea mahali pake na maji ya chumvi yaliyobaki yakamwagika juu ya viatu vyake.

Dereva mwenye mswaki akasema “Masha’Allah,” akarudi kwenye lori lake.

Fundi akanyoosha kiganja upande ambao alidhani nipo, na hakukosea kwa mbali. Nikatoka nyuma ya lori nikaipokea bolti, bado ina joto. Shingoni, pale nilipoisokota, ilikuwa imebonyea na kuwa nyembamba kama kiuno cha nyigu. Nikaigeuza. Kwa unene uliobaki pale, hata jino la mtoto ni nene zaidi.

“Hiyo ni kazi yako,” alisema. “Hizi zingine ni zangu. Weka mbali, zisichanganyike.”

“Mzee, nisamehe.”

“Pampu mpya nitafunga kesho asubuhi. Na nitapaka grisi kila bolti, ili siku moja mtu mwingine azifungue kwa amani.” Akasimama kidogo, bado amefungwa macho, akigeuza kichwa huku na huku kama anayesikiliza kama kuna kitu kingine kilichobaki hewani. “Na hiyo gari utaipa maji matamu. Ukikosa, ngoja. Zima, kaa chini, ngoja.”

“Nitangoja.”

Mama wa chai alikuja na kikombe, akakiweka juu ya boneti bila kusema kilipo. Fundi akapeleka mikono kisogoni. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, na vidole vilivyotoka kufungua bolti saba vikahangaika nalo. Nilinyoosha mkono kusaidia, nikaurudisha. Akalegeza upande mmoja, akalegeza wa pili, kitambaa kikashuka.

Jicho likapepesa kwa ule mwanga, likajaa maji, likapepesa tena. Likatembea juu ya injini, juu ya mawe manne na manne, juu yangu, halikusimama. Likafika kwenye kikombe, na mkono ukaenda moja kwa moja ukakichukua.